Shangazi, baba kasema nikichukua uraia wa huku nisimwite baba tena

Kwa wasomaji wengine nielezee kifupi. Binti huyu alihamia ugenini na wazazi wake akiwa na miaka 9, sasa ana 26 na amefikisha vigezo vya kuomba uraia wa nchi anayoishi, ila nchi walikotoka haina uraia pacha, yani akichukua huu wa pili ule wa kwanza unakwenda. Baba yake kasema siku akiapa asimwite tena baba. Akienda likizo kwa ndugu wanamcheka lafudhi, akirudi kazini anaulizwa "lakini unatoka wapi haswa?" Anauliza yeye ni nani sasa, na amsikilize nani.

Mwanangu, pole sana. Sikiliza wote, ila uamuzi ni wako, na sisemi hivi kukufurahisha. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 15, linasema kila mtu ana haki ya kuwa na uraia, na asinyang'anywe uraia wake kiholela wala asinyimwe haki ya kuubadilisha. Haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, hata baba anayekupenda hawezi kukushikia.

Sasa kuna kitu umekiandika harakaharaka kama vile si kitu, na mimi ndo kimenikaa. Kwamba ukiwa na miaka 12 ulikaa katikati ya daktari na mama yako unamtafsiria majibu ya vipimo, ukaruka sentensi moja kwa sababu ulishindwa kumtamkia mama, na baba amesimama mlangoni anawaangalia midomo. Hebu mfikirie huyo baba pale mlangoni. Mtu aliyezoea kuamua mambo ya nyumba yake, leo barua ya benki, barua ya shule, barua ya mwenye nyumba, zote zinamsubiri mtoto atoke shule ndo azisome, na miaka ikaenda hivyo, kilichobaki ambacho yeye anakijua kuliko wewe ni kule mlikotoka, alafu unamwambia unakwenda kuapa, anaona na hicho kinaondoka. Ile ni hofu mwanangu. Haimpi ruhusa ya kukutishia ubaba, hapo kakosea na angekuwa mbele yangu ningemwambia, ila ukijua unaongea na mtu mwenye hofu hutamjibu kama unavyomjibu mtu mwenye chuki.

Na wewe je? Kuhama hukuulizwa, ukalimani hukuulizwa, ulibeba tu. Huu ni uamuzi wa kwanza kuhusu wewe ni mtu wa wapi ambao uko mikononi mwako kweli, ndo maana unatetemeka, wala si udhaifu.

Hilo la "mimi ni nani", watu wanaliongea kama mizani, ukiongeza huku unapungua kule. Sivyo. Mwanasaikolojia John Berry na wenzake walitoa mwaka 2006 utafiti wa vijana wa familia za wahamiaji kwenye nchi 13, na kwa jumla waliokuwa na hali nzuri zaidi kimaisha ni wale walioshika pande zote mbili, kuliko waliojitenga au waliotupa vya kwao. Utafiti huohuo ulionyesha pia kubaguliwa kunawaumiza vijana, kwahiyo uchungu wa lile swali la kazini usiuone ni deko. Huna deni la historia ya ukoo kwa kila anayeuliza, anayestahili mwambie, mwingine mtajie mtaa unaoishi basi muendelee na kazi. Ndugu nao wakicheka lafudhi we endelea kuongea, usinyamaze kabisa, manake lugha ikikaa kimya muda mrefu ndo inaondoka kweli, na hiyo haihusiani na pasipoti yoyote.

Kaa na baba mkiwa wawili, kwa lugha yenu, mama asiwe msuluhishi. Usimuombe ruhusa. Mwambie unaamua lini, umwambie unapata nini, kupiga kura, kuishi bila kuhesabu tarehe za kibali, alafu muulize yeye anaogopa nini, na akianza kuongea usimkatishe hata kama anarudia yaleyale. Anaweza kususa mwezi mzima. Mwache asuse, ila salamu zako zisikatike.

Upande wa karatasi nakuomba sana usikurupuke. Usiukane uraia wa kwanza kabla wa pili haujawa mkononi, wapo waliobaki hawana hata mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ule wa kupunguza watu kubaki bila uraia, unataka mtu asipoteze uraia kwa kuukana kama hana mwingine wala hajahakikishiwa kuupata, lakini si nchi zote zimejiunga nao, usiutegemee. Uliza ubalozi wa nchi yenu mambo matatu: uraia unapotea lini, siku ya kiapo au mpaka uukane; je, wewe unaweza kuomba kurudishiwa baadaye; na mtu mwenye asili ya huko asiye raia anaruhusiwa nini kwenye kurithi, kumiliki ardhi na kuingia bila viza. Majibu ya simu hayatoshi, dai ya maandishi, na fomu usiitume mpaka umeyasoma mwenyewe.