Kuhamisha Bonsai kwa Mara ya Kwanza: Chungu Kinaweza Kungoja

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii. Kanunua bonsai yake ya kwanza, yaani mti mdogo unaolelewa chunguni, kapata na chungu cha kauri cha buluu kinachong'aa, na anauliza kama anaweza kuihamishia humo leoleo. Nalijibu kwa furaha, kwa sababu nilipouliza swali hilohilo wakati naanza, bwana mmoja anayejiona bingwa alinijibu mbele ya watu kwamba nikanunue maua ya plastiki. Sijasahau. Fikasi yangu, mti wa jamii ya mtini, imehamishwa tena msimu huu, na sasa imejaa majani mapya mpaka kwenye matawi ya chini. Bwana yule kama anasoma hapa, karibu atazame.

Jibu lenyewe: pengine si leo. Mti uliofika kwako juzi bado unazoea mwanga wako na namna yako ya kumwagilia, na uzuri wa chungu si sababu ya kuusumbua. Sababu hutafutwa chini. Legeza bonge la udongo kutoka ukingoni, liinue taratibu, angalia. Mizizi ikiwa imezunguka pembeni tabaka kwa tabaka, maji yakiwa yanatuama juu badala ya kuzama, au mti umeanza kujisukuma kutoka chunguni, muda umefika. Udongo ukimwagika ovyo, rudisha, mizizi bado haijajaa. Fikasi changa hufika hapo kila baada ya miaka 2 au 3 hivi. Msonobari mzee unaweza kukaa 5 au zaidi.

Msimu nao una neno lake. Miti inayopukutisha majani huhamishwa baridi inapokwisha, macho ya majani mapya yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka, maana wakati huo mti una akiba ya chakula na hauna majani ya kunywesha. Fikasi na miti mingine ya nchi za joto inataka joto, wakati inachipua kwa nguvu.

Haya, tuje kwenye mizizi, ambako ndiko shughuli iliko. Bonge la fikasi yangu lilitoka na umbo kamili la chungu, kama keki iliyopinduliwa. Pembeni mizizi ya kahawia imejisokota, ncha zake nyeupe zinachungulia, na chini kabisa kuna mzizi mnene uliopiga kona baada ya kukosa njia. Nilichukua kijiti cha mbao nikaanza kuchambua kutoka pembeni kuja katikati. Nasema kuchambua, si kuvuta. Mikono inatamani kuvuta, kwa sababu kazi ni ya polepole na mgongo unauma, lakini kinachokatika ukivuta ni mizizi myembamba, na hiyo ndiyo inayonywa maji. Ule mnene unaoshuka chini ndio wa kukatwa, kwa mkasi mkali uliosafishwa. Fikasi itatoa utomvu mweupe, utadhani umeiua. Hujaiua, ni kawaida yake. Kwa mtu anayeanza, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mizizi, hata kama umemwona mtu anakata nusu na mti wake unapeta.

Wakati wote huo nyunyizia maji. Mizizi myembamba ikipigwa na jua na upepo hukauka upesi sana, ndiyo maana udongo, wavu wa kuziba matundu na waya huandaliwa kabla mti haujatoka, siyo mti uko mezani uchi halafu wewe unazunguka nyumba nzima kutafuta koleo.

Kama una msonobari au juniperi, ndugu yake mwingine wa majani membamba, usithubutu kuiosha mizizi ikabaki mitupu. Acha sehemu ya udongo wa zamani katikati. Msonobari unaishi na kuvu wanaousaidia kwenye mizizi, na ukiwaosha wote umeuondolea wenzake.

Udongo wa bustani, hapana. Chungu cha bonsai ni kifupi, na maji hung'ang'ania sehemu ya chini. Udongo laini hushikana, hewa hukosa nafasi, mizizi huoza. Tumia chembe za kama milimita 3 hadi 6, iwe akadama (chembe za udongo mgumu kutoka Japani), pumisi (jiwe jepesi lenye vitundu) au mawe ya volkeno yaliyosagwa, na uchekeche vumbi kwanza. Kuweka changarawe chini ya udongo laini hakuondoi tatizo, wanaokuambia hivyo wamerithi tu maneno.

Kisha ufunge mti. Hili watu wengi wanaliruka, na ndilo ninalolipigia kelele kuliko yote. Waya upite kwenye matundu, uzunguke juu ya bonge, usokotwe mpaka ushike. Shika shina usukume kidogo: chungu kiende pamoja na mti. Mti ukicheza peke yake, kila upepo utakuwa unakata mizizi mipya inayojaribu kushika. Ukishafunga, jaza udongo, uushindilie taratibu kwa kijiti mpaka usiwe na mapengo, kisha mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe safi.

Weka kivulini wiki chache, kisha uache. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana siku hizi tunataka kila kitu kijibu papo hapo. Kule Washington, kwenye makumbusho ya taifa ya bonsai, kuna msonobari wa familia ya Yamaki wa Hiroshima, unaohesabiwa kutunzwa tangu 1625. Ulinusurika bomu la mwaka 1945, ukatolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Vizazi vya watu vimeupokezana, halafu mimi na wewe hatuwezi kungoja mwezi mmoja bila kuchokonoa?

Majani machache ya fikasi yakigeuka manjano na kuanguka, usiimwagilie kwa hofu. Gusa udongo kwa kidole. Ukiwa na unyevu, nenda zako. Na mbolea, ambayo najua ndiyo mtakayoniuliza, isubiri kama wiki 4 hadi 6, mpaka uone machipukizi mapya yanakua kwa nguvu.