Kutoa logi kwenye kompyuta kuu: ushauri wangu kutoka Lamu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana wa Mokowe aliyepata nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye kampuni moja Nairobi, upande wa kompyuta kuu (mainframe). Aliandika: "Assalaam aleykum dada. Nimepewa kazi ya kutoa logi ya mfumo ya mwisho wa mwezi. Nimeingia SDSF kutazama logi, mistari inamiminika haina mwisho. Nimejaribu kuipakua yote, kompyuta ikagoma. Wenzangu wananicheka. Nianzie wapi?"

Waaleykum salaam, mdogo wangu. Hilo la kuchekwa limenichoma kuliko swali lenyewe, kwa sababu nalijua. Wapo watu wa kazi hii wanaoamini kwamba mtu akiwa Lamu basi kazi yake ni kuvua, kuchonga milango au kupokea wageni. Kazi hizo ni za heshima na zimewasomesha wengi wetu. Lakini z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM, pia tunaiweza, na ninakujibu hapa hadharani ili na wengine wenye ndoto kama yako wafaidike.

Kwanza uelewe kwamba hakuna kitu kimoja kinachoitwa logi ya mfumo. Hapa ndipo wengi hupotea, hata wenye vyeo.

Ipo SYSLOG. Hiyo ni ya mfumo mmoja tu, inakaa kwenye spuli ya JES (ghala la muda la sehemu inayopanga jobu, yaani kazi zinazopewa mashine), na ndani yake mna ujumbe unaokwenda kwa waendeshaji, amri walizotoa na majibu yake. Ipo OPERLOG, ambayo hukusanya ujumbe wa mifumo yote iliyofungwa pamoja katika sysplex moja na kuupanga kwa saa, na jina lake huwa ni SYSPLEX.OPERLOG. Halafu zipo rekodi za SMF, za matumizi ya mfumo, ambazo si maandishi ya kusomwa kwa macho. Kila aina ina namba yake: 30 ni habari za jobu, 14 ni faili lililofunguliwa kusomwa, 15 ni lililofunguliwa kuandikwa, 80 ni za RACF, programu ya usalama. Mtu akikuambia "nitolee logi" bila kusema ipi, muulize. Asipojua, muulize anatafuta nini, kisha uchague wewe.

Sasa nikueleze jinsi nilivyoyajua haya, maana sikuyapata darasani.

Mimi nafanya kazi kutoka nyumbani, Langoni. Mashine yenyewe iko ng'ambo na sijawahi kuiona kwa macho. Naifikia kwa skrini ya 3270 kwenye laptopu, aghalabu usiku, kwa sababu jobu za bechi huenda usiku. Mteja, ambaye simtaji, alikuwa na mnyororo wa jobu za kufunga hesabu za mwezi, na kila mwisho wa mwezi jobu moja ilikuwa ikisimama kwa muda mrefu kabla ya kuanza kazi. Ripoti za wateja wake zilichelewa, na lawama zikashuka hadi kwetu. Kiongozi wa timu akashikilia kwamba diski zimezeeka. Kila mkutano alionyesha kipande kilekile cha SYSLOG, akikuza mstari uleule: IEF099I, jobu inasubiri faili. Hakuna aliyeuliza faili limeshikwa na nani.

Mimi niliuliza. Nikaambiwa nisubiri zamu yangu ya kuzungumza, na zamu haikufika.

Basi usiku ule nikaifuata kazi mwenyewe. Ujumbe wa IEF861I na IEF863I ulikuwa pale pamoja na IEF099I, na IEF863I ilitaja jina la faili waziwazi. Faili hilo lilikuwa limefungwa na jobu nyingine. Lakini nilipotafuta aliyelifunga ndani ya SYSLOG ile sikumpata, na ndiyo maana wenzangu walikata tamaa wakageukia diski. Sababu ni rahisi ukishaijua: aliyelishika hakuwa kwenye mfumo ule. Alikuwa kwenye mfumo wa pili wa sysplex hiyohiyo, na kufuli la faili linavuka mifumo kupitia GRS, inayosimamia kufuli hizo, ilhali SYSLOG haivuki. Ungeisoma SYSLOG ya mfumo wa kwanza mwaka mzima usimwone.

Nikaenda kwenye OPERLOG. Kwenye sampuli za IBM, ndani ya SYS1.SAMPLIB, mna programu inaitwa IEAMDBLG. Inasoma OPERLOG na kukuandikia faili lenye sura ileile ya SYSLOG. Huja kama chanzo cha asembla, kwa hiyo lazima ikusanywe kwanza, na timu ya mifumo ya mteja ilikuwa nayo tayari, haitumiwi. Ina COPY na ina DELETE. Mdogo wangu, COPY ndiyo yako. DELETE usiiguse kamwe kama hukuagizwa kwa maandishi, kwa sababu inafuta kwenye OPERLOG yenyewe, na kilichofutwa humo ndicho kesho utakachoambiwa ulete.

Nikatoa kipindi chote, si dakika zile za kusubiri peke yake. Hapa pana jambo ambalo nitalirudia: toa na saa zilizotangulia tukio. Anayefunga mlango huingia kabla ya anayegonga. Nilipopanga mistari ya $HASP373, inayosema jobu imeanza, na $HASP395, inayosema imekwisha, nikamwona. Jobu ya ripoti ya ukaguzi ilianza kwenye mfumo wa pili saa kadhaa kabla. Iliisha saa nane na dakika kumi usiku kwa saa ya mashine, na papo hapo ile iliyokuwa ikisubiri ikaendelea. Miezi iliyotangulia, hali ileile.

Nikafungua JCL yake, yaani maagizo ya kuiendesha jobu. DISP=OLD. Ilikuwa inalishika faili peke yake, kana kwamba itaandika. Sikutaka mtu aniambie nabahatisha, kwa hiyo nikaomba rekodi za SMF za usiku ule, aina ya 14, 15 na 30, kwa IFASMFDP, programu ya kuzitoa. Kwa faili lile kulikuwa na 14 ya jobu ya ripoti, 15 hapakuwa. Maana yake ilisoma tu, haikuandika hata herufi. DISP=SHR, ya kushirikiana faili, ingetosha. Neno moja kwenye JCL lilikuwa linazuia kufungwa kwa hesabu za mteja mzima.

Nikaandika ripoti fupi, nikaambatisha mistari, nikaituma alfajiri. JCL ilibadilishwa, na mwisho wa mwezi uliofuata jobu haikusimama. Kwenye mkutano na mteja, kiongozi alisema "timu ya Nairobi imegundua." Jina langu halikutajwa. Nilikuwa kwenye simu hiyo nimezima maiki, nasikia kila neno. Mpaka leo sijaelezwa kwa nini. Diski mpya zilizokwisha kuombewa bajeti zikaachwa kimyakimya, na hilo nalo halikutajwa.

Sikusimulii haya ili nihurumiwe. Nakusimulia ili ujue kwamba anayetoa logi ndiye mwenye ukweli mkononi, na ukweli usio na jina la mwenyewe huchukuliwa. Weka jina lako na tarehe juu ya kila faili unalotoa. Andika ni logi ipi, mfumo upi, kutoka saa ngapi hadi saa ngapi. Tuma kwa barua pepe, usitume kwa mdomo wala kwa WhatsApp. Wengi wetu wa pwani tumelelewa tusijisifu, na ni malezi mema, lakini kuweka jina kwenye kazi yako si kujisifu. Ni amana.

Turudi kwenye swali lako la mistari isiyo na mwisho. Usipakue yote. Mimi bando langu silichezei, na wewe hata kama una mtandao wa ofisi usiuchezee, kwa sababu logi ya usiku mmoja wa mwisho wa mwezi ni kubwa na tisa kwa kumi yake huihitaji. Punguza hukohuko kwenye mashine kabla hujaileta kwako. Ndani ya SDSF, ukiwa kwenye LOG, PRINT ODSN hufungua faili la kupokea, kisha unatoa PRINT yenye saa na tarehe ya kuanzia na ya kumalizia, halafu PRINT CLOSE. Usisahau CLOSE. Kama kazi ni ya kila mwezi, andika programu ya REXX: unaita isfcalls('ON'), unajaza isflogstarttime na isflogstoptime pamoja na tarehe zake, unatoa ISFLOG READ, na mistari inakuja kwenye isfline. Weka isflinelim iwe na kikomo, vinginevyo utaijaza kumbukumbu.

Saa ni jambo la kuangaliwa sana. Sisi huku tuko saa tatu mbele ya GMT, na mashine inaweza kuwa inasoma saa ya nchi nyingine kabisa. Mtu akikuambia "ilisimama saa nane usiku", muulize saa nane ya wapi. Na tarehe kwenye amri za IFASMFDP huandikwa kwa mwaka na siku ya mwaka, kwa hiyo 31 Machi 2025 ni 2025090. Hesabu kwa kikokotoo, usihesabu kwa vidole usingizi ukikuelemea.

Ukichuja kwa namba ya ujumbe, kumbuka kwamba ujumbe mmoja unaweza kuwa na mistari kadhaa. Herufi ya kwanza ya mstari ndiyo inayokuambia: N ni ujumbe wa mstari mmoja, M ni mwanzo wa ujumbe mrefu, D ni mwili wake, E ni mwisho, S ni mwendelezo wa mstari uliotangulia. Ukichuja IEF au $HASP peke yake utapata vichwa bila viwiliwili, na mara nyingi jina la faili unalolitafuta liko mstari wa chini.

Kuhusu kuhamisha: SYSLOG iliyokwisha kuandikwa kwenye faili ni maandishi, kwa hiyo ihamishe kama maandishi ili EBCDIC, usimbaji wa herufi wa kompyuta kuu, igeuzwe kuwa ASCII ya kompyuta yako. Ukiona ukurasa umejaa alama ya @ kila mahali pa nafasi, ujue umeihamisha kama binari, kwa sababu nafasi ya EBCDIC ni X'40', na X'40' ya ASCII ni hiyo @. SMF ni kinyume chake. Ni binari, na ukiigeuza umeiharibu. Ifungashe kwanza kwa AMATERSE, kisha uihamishe kama binari. Na kwenye IFASMFDP andika OPTIONS(DUMP) wazi. ALL na CLEAR husafisha faili la SMF.

Jambo la ruhusa silifanyii mzaha. Ndani ya logi mna majina ya watumiaji. ICH408I, kwa mfano, humtaja mtu aliyejaribu kufungua asichoruhusiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya, na mteja wa ng'ambo naye ana yake. Usiweke logi kwenye flashi, usiitume kwa rafiki akusaidie kuisoma. Hata mimi usinitumie. Niambie namba ya ujumbe tu, inatosha.

Kwa wengine mnaosoma na bado hamjapata mashine ya kugusa: IBM Z Xplore, mafunzo ya mtandaoni ya IBM, ni bure, na mtu anaingia kutoka popote mwenye mtandao. Kama mtandao wako ni wa kubahatisha, pakua Hercules, programu inayoiga kompyuta kuu, uendeshe MVS 3.8j kwenye laptopu yako. Ni mfumo wa zamani na hauna kila kitu nilichokitaja, lakini JCL ni JCL, na konsoli yake itakufundisha kusoma IEF na $HASP hadi uzizoee. Msingoje kuitwa Nairobi ndipo muanze. Anayeanza leo Shela au Matondoni, siku ya kuitwa atakwenda akiwa anajua.

Na wewe wa Mokowe, kesho ukifika kazini andika barua pepe moja. Omba ruhusa ya READ kwa SYSPLEX.OPERLOG kwenye darasa la LOGSTRM la RACF, eleza ni kwa kazi waliyokupa wenyewe, na uweke msimamizi wako pamoja na timu ya usalama kwenye barua hiyohiyo. Waulize pia kama IEAMDBLG imekwisha kukusanywa, na iko maktaba gani. Wakikupa, anza na muda wa saa sita uliotangulia tukio. Wakikunyima, omba sababu kwa maandishi, kisha niandikie tena tuangalie unachoweza kukipata kwa SYSLOG za kila mfumo mmojammoja.