Kabla ya moto, angalia maji

Kila kijana anayeingia karakana kujifunza gari la moshi la mvuke hukimbilia mlango wa tanuri. Hata mimi nilitaka picha nikiwa na sepetu mkononi. Mzee aliyenifundisha Nairobi, fayamani (mchochea moto) wa enzi za Reli ya Afrika Mashariki, hakuniruhusu kugusa moto wiki mbili nzima. Alinikalisha mbele ya kioo cha maji, mrija unaoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, tangi linalochemsha maji yawe mvuke.

Kioo kikijaa kabisa na kikiwa kitupu kabisa, kwa macho ni kile kile. Ndiyo sababu nyuma yake huwekwa mistari ya mshazari: pakiwa na maji, mistari huonekana imelalia upande wa pili. Kabla ya zamu fungua koki ya chini, kioo kimwage, kisha uifunge. Maji yasiporudi kwa kasi, ujue njia imeziba na kioo kinakudanganya.

Woga wote huu ni wa bati la juu la tanuri. Chini yake kuna moto, juu yake lazima pawe na maji. Yakipungua, chuma hulainika na boila inaweza kupasuka. Kuna plagi ya madini ya risasi inayoyeyuka ili kukuonya, lakini ukiisikia ikifoka umeshachelewa.

Sasa fikiria zile injini kubwa za aina ya Garratt, daraja la 59. Zilitengenezwa 34 huko Manchester, miaka ya 1955 na 1956, kila moja tani 252, zipandishe mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Injini inapopanda, bomba la moshi likiwa mbele, maji hurudi nyuma juu ya tanuri na kioo huonyesha neema. Ukivuka kilele yanakimbilia mbele. Kwa hiyo injekta, inayosukuma maji kuingia kwenye boila, hufunguliwa kabla ya kilele. Nilipofika milima ya Wales, kwenye injini ndogo zinazotumia makaa ya mawe, kila kitu kilikuwa kigeni isipokuwa hilo.

Moto ndio unaobadilika nchi kwa nchi. Makaa ya mawe unayatandaza kidogo kidogo. Ukirundika, unazima ulichokuwa nacho. Mafuta mazito ya kwetu hupashwa kwanza ndipo yatiririke, kisha mvuke huyapuliza tanurini. Masizi yakigandamana kwenye mirija, unatupia mchanga wakati injini inavuta kwa nguvu, na moshi mweusi tii unatoka. (Mwombe radhi aliyeanika nguo karibu.) Moto wa mafuta ukizimika, usitegemee matofali ya moto yauwashe tena. Funga mafuta, acha hewa isafishe tanuri, kisha tumia kitambaa kinachowaka. Mimi nilifanya haraka, nikakaa mwezi mzima bila nyusi.

Na popote ulipo, fungua blowa, mvuke unaopulizwa kwenye bomba la moshi ili kuvuta hewa ya tanuri, kabla dereva hajafunga mvuke, na kabla ya handaki. La sivyo ndimi za moto zitarudi kwenu kibandani.

Usafishaji wa boila hakuna anayeupenda. Maji ya chumvi huacha magamba, au hutoa povu linalobeba maji hadi kwenye silinda, na maji hayabanwi: mfuniko wa silinda huvunjika. Basi ukipewa zamu ya kuosha, iache injini ipoe polepole, fungua vizibo vyote, ingiza tochi, na utazame mwenyewe kilichotoka.