Unataka kuzalisha mbwa? Anza na nyonga

Wanaoanza kuzalisha mbwa hapa Nakuru huniuliza masikio yatasimama lini. Mimi huwaomba wamkimbize mbwa kidogo, nasi tumtazame kwa nyuma.

Kule Lanet niliitwa kumwona jike wa German Shepherd wa miaka miwili, amenona, manyoya yanang'aa. Akikimbia, miguu ya nyuma yaruka pamoja kama ya sungura. Akitaka kuinuka, anajivuta kwa miguu ya mbele kwanza. Mwenyewe alidhani ni uvivu. Picha ya eksirei ilionyesha kichwa cha paja kimekaa nusu nje ya kikombe chake. Niliumia sana, maana watoto wake walikuwa wameshauzwa hadi Njoro na Gilgil.

Ugonjwa huu wa kiungo cha nyonga kulegea (hip dysplasia) si wa nadra. Shirika la OFA la Marekani limekuwa likipima picha za nyonga tangu 1966. Katika rekodi zake, German Shepherd mmoja hivi kati ya kila watano ana kasoro; kwa Bulldog ni zaidi ya nusu, na kwa Greyhound ni wachache mno. Hesabu yenyewe iko chini ya hali halisi, kwa sababu mwenye mbwa akiona picha mbaya mara nyingi haitumi. Basi ukiambiwa "mbwa wetu hawana shida hiyo", uliza kwanza ni wangapi waliopigwa picha.

Kasoro hii hurithiwa kupitia jeni nyingi, hivyo mbwa anayetembea vizuri kabisa aweza kuwarithisha watoto wake maumivu. Usimpandishe jike wala dume kabla hajatimiza miezi 24 na kupigwa picha. Ukinunua mtoto, dai picha za baba na za mama. Muuzaji akisema hana, nenda kwingine.

Kisha kuna sufuria, yaani chakula. Mtoto huzaliwa nyonga zikionekana sawa, kisha hulegea akiwa anakua, na unene huharakisha uharibifu. Tafadhali msimrundikie ugali na matumbo kwa kuwa analia, wala msimwekee DCP ya ng'ombe (unga wa madini wenye kalisi) eti mifupa ikaze. Kalisi nyingi humdhuru mtoto wa mbwa wa aina kubwa. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza.

Yule jike wa Lanet alifungwa kizazi. Amepunguzwa kilo nne, na sasa asubuhi anainuka bila kulia.