Maswali ya Magari: Macho Barabarani, Mkono kwenye Swichi

Naishi Urambo. Gari ninalotaka kununua halina kitufe cha kiyoyozi, kila kitu kipo kwenye skrini. Muuzaji anasema nitazoea. Ni kweli?

Utazoea mahali alama zilipo, lakini kidole hakitazoea, kwa sababu kioo ni laini kote na hakina cha kupapasa. Swichi ya kuzungusha huifikia kwa kupapasa huku ukimtazama mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa mbele yako, ilhali skrini hukudai macho kila unapoigusa. Mwaka 2022 jarida la Vi Bilägare la Sweden lilipima jambo hili katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa, na madereva walipewa muda wa kuyazoea magari kabla ya kupimwa. Katika Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, kazi nne zilikamilika kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Katika MG Marvel R, yenye skrini, zilichukua sekunde 44.9 na mita 1,372. Zihesabu mita hizo kiangazi, lori likiwa limekupita na kukuachia vumbi zito, kisha uamue kama neno la muuzaji linatosha. Mimi nisingelinunua gari hilo.

Redio ya gari langu kutoka Japani haivuki 90, na skrini ina maandishi ya Kijapani. Je, ni mbovu? (Kaliua)

Si mbovu. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno: redio za Kijapani za miaka ya nyuma huanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mambo haya huulizwa kabla ya kulipa.

Nikitoka shambani skrini haisikii kidole changu.

Skrini nyingi za sasa hutambua mguso kwa umeme, hivyo udongo, maji na glavu huzivuruga. Futa mikono, kisha futa kioo kwa kitambaa laini. Kitufe kingekusikia hata kwa kiwiko.

Je, watengenezaji watarudisha vitufe?

Baadhi wameanza, Volkswagen ikiwamo. Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia mwaka 2026 linazingatia kama indiketa, taa za hadhari, honi, wipa na wito wa dharura vina swichi za kushikika. Sijaridhika, kwa sababu kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele ni jambo la usalama vilevile, na dereva anayesafiri alfajiri wakati wa masika anajua kwa nini.

Fundi anataka kuniwekea skrini kubwa mahali pa redio. Nikubali? (Sikonge)

Kubali ikiwa atatumia soketi za kuunganishia bila kukata nyaya za gari. Akikuambia kwamba lazima avitoe vitufe vya kiyoyozi ili skrini ienee, kataa, na umwombe skrini ndogo zaidi.