Zimamoto na ambulensi: za kaunti au za pamoja?

Umeuliza kwa nini kaunti jirani zisiunganishe zimamoto na ambulensi. Hapa Kenya, Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi zote mbili, na mimi nataka magari yabaki karibu na watu: dereva wa hapa anajua uchochoro upi umezibwa na vibanda, na maji yanapatikana wapi. Ila chumba cha kupokea simu kiwe kimoja. Mwaka jana nyumba za mabati ziliungua mtaani kwetu, mpakani kabisa mwa kaunti mbili. Tulipopiga simu tukaambiwa tupigie upande ule mwingine. Tukabaki na ndoo na mchanga, mama mmoja akiburuta godoro linalofuka moshi. Inauma hadi leo.

Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, namba 114. Kwa wajawazito kuna m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, namba 115: gari la wagonjwa likikosekana, anatumwa dereva wa eneo hilohilo aliyesajiliwa. Hiyo ya 115 ndiyo tuige kwanza.