Nani aanze kubati? Ninavyopanga oda ya timu yetu ya kriketi

Timu zetu hizi za kriketi za wikendi, kwenye oda ya kubati (nani aanze kupiga mpira, nani afuate), zina tabia moja ya kumficha mpigaji mkali. Utasikia "huyo tumweke namba tano aje kumalizia", wakati mechi yenyewe ni ya ova 20, yaani mipira 120 basi, wale wa mwanzo wanapapasa weee mpaka ova ya 15, jamaa akiingia mipira imeshaisha, anapiga kwa pupa, anatoka. Mi nimepanga oda misimu kadhaa sasa na hapa silegezi kabisa, mkali wako asishuke chini ya namba tatu. Hata Sachin Tendulkar wa India kwenye mechi za siku moja alikuwa anabati katikati, mwaka 1994 kule Auckland akapewa nafasi ya kufungua, yaani kuanza kubati, akapiga mikimbio 82 kwa mipira 49, na sentuari (mikimbio 100) yake ya kwanza ya mechi hizo ikaja mwaka huohuo.

Kufungua nako kuna watu wake. Mpira mpya unayumba hewani, kwa hiyo anayefungua namwangalia miguu, nguvu baadaye. Mazoezini nampa bola (mrusha mpira) wetu wa kasi mpira mpya, nasimama nyuma ya neti naangalia, ule mpira unaopita pembeni kidogo ya wiketi (vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji) anaufuata kwa mikono huku miguu imeganda palepale, au anauacha upite zake? Anayeweza kuacha mitatu minne mfululizo bila kuwashwa mikono ndo wangu huyo, hata kama hana shoti ya kupeleka mpira nje. Ukiwa na wa mkono wa kushoto mpange na wa kulia, kila wakikimbia mkimbio mmoja wanabadilishana upande, bola inabidi abadilishe laini ya kurusha na fildi nzima inahama, wanachoka hao!

Mlinda wiketi kama ndo kwanza ametoka kuchuchumaa ova 20, usimfungulishe jamani, mwache anywe maji.

Sasa wa chini, hapa ndo panaponiuma. Namba tisa anawahi kufika, wiketi ya tano ikianguka, yaani mpigaji wa tano akitolewa, anavaa pedi, anakaa na helmeti magotini, mechi inaisha anavua hajagusa mpira hata mmoja, wiki ijayo hivyohivyo, akiacha kuja utamlaumu? Mechi za kirafiki nawapandisha kwa makusudi, na kepteni asiogope kwa sababu sheria inataka majina ya wachezaji kabla ya tosi (kurusha sarafu), oda ya kubati haimo, unaibadilisha hata katikati ya mechi. Don Bradman, kepteni wa Australia, pale Melbourne mwaka 1937 mvua iliharibu pichi (pale mpira unapodundia), akatanguliza mabola wake wasiotegemewa kubati, yeye akaingia namba saba pichi ikiwa imetulia, akapiga 270 na Australia wakashinda.

Ila ukibadilisha sema mapema. Sheria za kawaida zinampa anayefuata dakika 3 tu awe tayari kupokea mpira, kombe la dunia la 2023 zilikuwa 2, na Angelo Mathews wa Sri Lanka alitolewa bila kucheza mpira wowote baada ya kamba ya helmeti kukatika. Kwa hiyo kwetu wawili wanaofuata muda wote wanakuwa wameshavaa kila kitu, na kamba za helmeti nazivuta mwenyewe moja moja kabla hatujaanza kubati.